Bendera Nyekundu na Jicho la Kamera

Mwenda pole hajikwai, walisema wazee wetu, na neno lao ni la kweli. Lakini hawakutuambia mwendo wa pole ni mwendo gani, wala ni nani anayepaswa kuupima. Maswali hayo mawili, msomaji, yamewashughulisha Waingereza tangu mashine za mvuke zilipoingia katika barabara zao mpaka leo, na majibu waliyoyatoa ni historia yenye mafunzo mengi. Ndani yake tutamwona mtu aliyebeba bendera nyekundu, askari aliyejificha nyuma ya ua na saa mkononi, bingwa wa mashindano ya magari, na waziri aliyetiwa gerezani. Mwishoni tutamwona mfanyakazi wa barabara, ambaye jina lake halimo katika vitabu vya historia. Huyo wa mwisho nakuomba usimsahau, maana bila yeye habari hii yote ingekuwa ni ya faini tu.

Kabla ya kuja kwa motokaa, barabara za Uingereza zilikuwa za waendao kwa miguu na za farasi. Katikati ya karne ya 19 zikaanza kupitiwa na mashine kubwa za mvuke zilizovuta mizigo na zana za kilimo. Zilikuwa nzito, zenye moshi na kishindo, na farasi walipoziona walishtuka wakatimua mbio. Mwaka 1861 Bunge lilizitungia sheria ya kwanza, nayo iliruhusu maili 10 kwa saa nje ya miji na maili 5 mjini. Miaka minne baadaye Bunge liliona kwamba hayo hayakutosha. Sheria ya mwaka 1865 ilishusha mpaka hadi maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mjini. Maili moja ni kama kilomita 1.6, kwa hiyo maili 4 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Tena kila mashine ilipaswa kuwa na watu watatu, na mmoja wao atangulie kwa miguu, umbali usiopungua yadi 60, akiwa amebeba bendera nyekundu ili kuwaonya wenye farasi.

Watu wa leo huicheka sheria hiyo, na kwa kweli iliwachelewesha sana waliotaka kutengeneza magari. Mwaka 1878 sharti la bendera lililegezwa, ingawa mtu wa kutangulia alibaki. Lakini kabla hujacheka, angalia jambo moja. Aliyeiona bendera alijua mara moja kwa nini mashine ile inakwenda polepole, na ni nani anayelindwa. Mpaka wa mwendo na sababu yake vilikwenda pamoja barabarani, kimoja nyuma ya kingine. Katika miaka iliyofuata viwili hivyo viliachana, na ugomvi mwingi ukazaliwa hapo.

Mwaka 1896 ulikuwa mwaka wa mageuzi. Tarehe 28 Januari mtu mmoja aitwaye Walter Arnold alipita na motokaa katika kijiji cha Paddock Wood, jimbo la Kent, kwa mwendo wa maili 8 kwa saa, mahali ambapo sheria iliruhusu maili 2 tu. Askari polisi alipanda baiskeli, akamfuata mpaka akamkamata. Kwa kosa la mwendo alitozwa shilingi moja, naye hutajwa kuwa dereva wa kwanza nchini humo kuadhibiwa kwa kosa hilo. Mwaka huohuo Bunge liliiondoa sheria ya zamani na kumwachisha kazi yule mtu wa kutangulia. Mpaka mpya uliandikwa kuwa maili 14 kwa saa, kisha serikali ikaupunguza ukawa 12. Lakini kabla sheria hiyo haijaanza kazi mwezi wa Novemba, msiba ulitokea. Tarehe 17 Agosti mwanamke aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na motokaa katika viwanja vya Crystal Palace, London, akafa. Alikuwa mtu wa kwanza aendaye kwa miguu kuuawa na gari la petroli katika Uingereza. Hivyo furaha ya wenye magari na kilio cha wasio na magari vilianza mwaka mmoja.

Magari yalipoongezeka, Bunge lilitunga sheria nyingine mwaka 1903. Mpaka ulipandishwa hadi maili 20 kwa saa, na kila gari likaamriwa kuandikishwa na kubeba kibao cha nambari. Wengi wakati ule walikasirishwa na kibao hicho kuliko na mpaka wenyewe. Waungwana walilalamika kwamba wanatiwa alama kama mifugo. Ukikumbuke kibao hicho, msomaji, kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa bado mbele kwa miaka 90.

Sasa ilibaki kazi ya kupima. Gari la mwaka 1905 lilipita mbio, na askari hakuwa na chombo ila macho yake na saa. Basi polisi walibuni mtego. Walipima kipande cha barabara, aghalabu yadi 220, yaani sehemu ya nane ya maili. Askari mmoja alijificha mwanzo wa kipande, na mwenzake akajificha mwisho, nyuma ya ua wa miti au katika handaki. Gari lilipompita wa kwanza, alitoa ishara na saa ikaanza kuhesabu. Lilipompita wa pili, saa ikasimamishwa. Gari linalokwenda maili 20 kwa saa hukata yadi 220 kwa sekunde 22 na nusu. Likitumia muda mfupi kuliko huo, dereva amevunja sheria.

Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, lakini watu hawakuiamini. Saa ilishikwa kwa mkono, na mkono wa binadamu huchelewa au huwahi. Kosa la sekunde mbili tu lilitosha kumfanya dereva wa maili 20 aonekane kwamba amekwenda karibu maili 22. Zaidi ya hayo, askari alikuwa amejificha, na madereva waliona kwamba mtu anayetafuta usalama wa watu hana haja ya kujificha. Anayejificha anatafuta faini. Mwaka 1905 wenye magari waliunda chama chao kiitwacho Automobile Association. Chama hicho kiliwatuma watu wenye baiskeli kuzunguka barabarani, kutafuta mitego na kuwaonya wanachama. Mwaka 1910 mahakama iliamua kwamba kumwonya dereva anayevunja sheria ili aponyoke ni kumzuia polisi kufanya kazi yake. Chama hakikushindwa. Watu wake walikuwa na desturi ya kumpigia saluti kila mwanachama anayepita. Sasa wanachama waliambiwa kwamba mtumishi asipopiga saluti, dereva asimame na kumwuliza sababu. Mahakama ingewezaje kumhukumu mtu kwa kuwa hakupiga saluti? Ndivyo sheria isiyoaminiwa inavyogeuka kuwa mchezo wa kuviziana.

Mchezo huo uliendelea mpaka watu wakachoka. Mpaka wa maili 20 ulikuwa umepitwa na magari yenyewe, na karibu kila dereva aliuvunja. Mwaka 1930 Bunge liliufuta kabisa kwa magari madogo, likitumaini kwamba dereva akipewa uhuru atatumia busara. Tumaini hilo lilivunjika upesi. Mwaka 1934 watu zaidi ya 7,000 waliuawa katika barabara za Uingereza, wakati ambapo magari yalikuwa machache sana kuliko ya leo. Waziri wa Uchukuzi, Leslie Hore-Belisha, alirudisha mpaka, lakini kwa njia tofauti. Kuanzia tarehe 18 Machi 1935, mpaka wa maili 30 kwa saa uliwekwa mahali penye nyumba na watu, na nje ya miji dereva akaachiwa uhuru wake. Mwaka huohuo mtihani wa udereva ulifanywa wa lazima. Tazama hapo jinsi fikira ilivyokomaa. Mpaka wa mwendo haukuwa tena adhabu kwa gari kwa kuwa ni gari. Ulikuwa ni ulinzi kwa watu waliopo mahali fulani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianza kujenga barabara za aina mpya, ambazo hazina njiapanda wala taa za kusimamisha magari, na ambamo waendao kwa miguu, baiskeli na wanyama hawaruhusiwi kuingia. Ya kwanza ilifunguliwa na Waziri Mkuu Harold Macmillan tarehe 5 Desemba 1958, karibu na mji wa Preston, nayo ilikuwa na urefu wa maili 8 hivi. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Novemba, ilifunguliwa barabara ya M1 itokayo upande wa London kuelekea kaskazini. Barabara hizo hazikuwa na mpaka wa mwendo hata kidogo. Mwaka 1964 kampuni ya magari ya AC ililijaribu gari lake la mashindano katika M1, likakimbia maili 185 kwa saa, na hakuna sheria ya mwendo iliyovunjwa.

Hata hivyo barabara ya Preston ilitoa fundisho ambalo wachache walilizingatia. Siku 46 tu baada ya kufunguliwa ilibidi ifungwe. Maji yaliyoingia chini yaliganda kwa baridi ya Januari, yakayeyuka, na uso wa barabara ukaharibika. Kwa hiyo matengenezo katika barabara hizi yana umri karibu sawa na barabara zenyewe. Tangu siku zile imejulikana kwamba barabara iliyojengwa kwa ajili ya mwendo mkali lazima siku moja ifanyiwe kazi na watu wanaosimama kwa miguu yao, hatua chache kutoka kwenye magurudumu.

Uhuru wa mwendo katika barabara hizo haukudumu. Katika ukungu wa majira ya baridi ya mwaka 1965 magari mengi yaligongana, moja nyuma ya jingine, kwa sababu madereva hawakupunguza mwendo ingawa hawakuona mbele. Waziri wa Uchukuzi Tom Fraser aliweka mpaka wa maili 70 kwa saa, sawa na kilomita 112 hivi, kuanzia tarehe 22 Desemba 1965. Ulikuwa wa majaribio ya miezi minne, ukaongezwa muda, na mwaka 1967 waziri aliyemfuata, Barbara Castle, akaufanya wa kudumu. Mpaka huo wa maili 70 ndio unaotumika hadi leo.

Mpaka ukiwapo bila kipimo cha kuaminika, mambo hurudi kule kwenye saa na ua wa miti. Kipimo kipya kilitoka kwa mtu usiyemtarajia. Maurice Gatsonides, Mholanzi aliyezaliwa katika kisiwa cha Java mwaka 1911, alikuwa bingwa wa mashindano ya magari, na mwaka 1953 alishinda yale ya Monte Carlo. Yeye hakutaka kuwapunguzia watu mwendo. Alitaka kujua anakwendaje katika kona, ili aongeze mbio zake. Chombo chake kilitumia mipira miwili iliyolazwa barabarani. Gurudumu lilipokanyaga mpira wa kwanza, saa ilianza. Lilipokanyaga wa pili, ilisimama. Polisi walikiona kwamba chawafaa, na baadaye kampuni yake ikaunganisha kamera na rada. Basi chombo cha mpenda mbio kikawa adui wa wapenda mbio.

Mwaka 1991 Bunge la Uingereza lilikubali kwamba picha ya kamera ya namna hii iweze kuwa ushahidi mahakamani, na mwaka 1992 kamera ya kwanza ikawekwa karibu na daraja la Twickenham, magharibi ya London. Kazi yake ilikuwa hivi. Rada ilipima mwendo, na gari likizidi, kamera ilipiga picha mbili, nusu sekunde kati ya ya kwanza na ya pili. Barabarani palichorwa mistari myeupe kwa vipimo, ili mtu yeyote aweze kuhesabu gari limesogea umbali gani kati ya picha hizo. Gari la maili 50 kwa saa husogea mita 11 hivi katika nusu sekunde. La maili 70 husogea karibu mita 16. Na katika picha hizo, wazi kabisa, kilionekana kibao cha nambari kilichoamriwa mwaka 1903.

Kamera hiyo ilikuwa na kasoro moja, nayo haikuwa ya chombo bali ya tabia ya watu. Ilipima mahali pamoja tu. Dereva aliyeijua aliikaribia mbio, akakanyaga breki, akaipita kwa adabu, kisha akaongeza mwendo tena. Barabara ya maili nyingi ilipata utulivu wa yadi chache tu, na breki za ghafla zilileta hatari yake nyingine. Kasoro hiyo ilionekana zaidi mahali panapotengenezwa, na sasa yafaa tupatazame mahali hapo kwa makini.

Barabara kuu ikitengenezwa haifungwi yote, kwa kuwa magari hayana pengine pa kupita. Sehemu moja hutengwa kwa koni au kwa vizuizi, na magari hubanwa katika njia zilizosalia, ambazo hufanywa nyembamba kuliko kawaida. Mara nyingine magari yaendayo na yarudiyo huwekwa upande mmoja, yakikabiliana. Ule ukingo wa kando ambapo gari bovu husimama huwa umechukuliwa. Nyuma ya koni kuna watu, mashine, mashimo na lami ya moto. Koni, msomaji, ni ya plastiki au mpira. Inamwambia dereva asipite, lakini haiwezi kumzuia.

Kwa sababu hiyo mpaka wa mwendo mahali pa matengenezo umekuwa kwa miaka mingi maili 50 kwa saa, na pengine 40. Hesabu yake si ngumu. Kitabu cha kanuni za barabara cha Waingereza chasema kwamba gari la maili 70 kwa saa huhitaji mita 96 ili lisimame, tangu dereva aone hatari. La maili 50 huhitaji mita 53. Tena nguvu ya gari kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake, kwa hiyo kishindo cha maili 70 ni karibu mara mbili ya kile cha 50. Na dereva mwenye haraka anapata nini? Katika matengenezo ya maili 4, mtu wa maili 50 hutumia dakika 4 na sekunde 48. Mtu wa maili 70 hutumia dakika 3 na sekunde 26 hivi. Tofauti ni sekunde 82.

Ilhali wengi waliona koni tu, hawakuona watu. Mwaka uleule wa kamera ya kwanza, 1992, serikali ya Waziri Mkuu John Major ilianzisha nambari ya simu ili madereva waripoti koni zilizowekwa bila sababu. Watu waliicheka sana, na mwaka 1995 ikafungwa. Malalamiko makubwa yalikuwa kwamba njia imebanwa na hakuna mtu anayefanya kazi. Lakini mara nyingi saruji huwa bado haijakauka, au shimo liko wazi, au njia bado ni nyembamba hata kama mafundi wamekwenda kulala. Hatari yaweza kuwapo bila mtu kuonekana.

Ufumbuzi ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa kamera zinazopima mwendo wa wastani. Kamera moja huwekwa mwanzo wa kipande cha barabara na nyingine mwisho. Ya kwanza husoma kibao cha nambari na kuandika saa gari lilipopita. Ya pili hufanya vivyo hivyo. Kisha mashine hugawa umbali kwa muda. Tuseme kamera ziko umbali wa maili 2, na mpaka ni maili 50 kwa saa. Gari halali hutumia dakika 2 na sekunde 24. Dereva akienda maili ya kwanza kwa mwendo wa 70, ameikata kwa sekunde 51 hivi; ili asikamatwe itampasa kuivuta maili ya pili kwa mwendo wa 39 tu. Ule ujanja wa kukanyaga breki mbele ya kamera hauna faida tena, na magari hupita kwa mwendo ulio sawa, bila kurukana. Ndiyo maana kamera hizi zimekuwa za kawaida katika matengenezo ya barabara kuu za Uingereza.

Bila shaka umekwisha kutambua jambo. Hii ni hesabu ileile ya wale askari wawili wa mwaka 1905: umbali uliopimwa, mtu mwanzo, mtu mwisho, na saa kati yao. Baada ya karibu miaka mia, ufundi wote umerudi pale ulipoanzia. Kwa nini basi njia iliyochukiwa wakati ule imekubaliwa zaidi leo? Sababu moja ni kwamba saa ya sasa haishikwi na mkono wa mtu. Sababu iliyo kubwa zaidi ni kwamba haijifichi. Kabla dereva hajafika kwenye koni, huona kibao kinachomwambia mpaka ni upi na kwamba mwendo wa wastani unapimwa. Hata kamera za mahali pamoja, ambazo mwanzoni zilikuwa za rangi ya kijivu, serikali iliamua mwaka 2001 zipakwe manjano ili zionekane. Anayekamatwa hawezi kusema ameviziwa.

Sisemi kwamba ugomvi umekwisha. Wako Waingereza wasemao kwamba kamera ni njia ya kukusanya fedha, na kweli kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 sehemu ya faini iliruhusiwa kulipia kamera zenyewe, jambo lililowapa wapinzani hoja. Wengine walisema maili 50 ni kidogo mno mahali fulani, na hao walisikilizwa. Malori makubwa hufungwa vidhibiti vinavyoyaruhusu kufika maili 56 kwa saa, na madereva wa magari madogo waliokwenda 50 walijikuta wakisukumwa na malori kwa nyuma. Baada ya majaribio, mwaka 2020 mamlaka ya barabara kuu ilikubali maili 60 katika matengenezo ambapo ni salama. Penye njia nyembamba au wafanyakazi karibu, mpaka wa chini ulibaki. Sheria inayoweza kutoa sababu zake yaweza pia kurekebishwa, bila kuvunjwa.

Na sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwaka 2003 kamera moja katika barabara ya M11 ilikamata gari la mwanasiasa aitwaye Chris Huhne. Nchini humo kosa la mwendo huandikwa kwa alama katika leseni, na alama 12 ndani ya miaka mitatu humnyima mtu haki ya kuendesha. Ili kujiokoa, alama zake zilichukuliwa na mkewe, kana kwamba ndiye aliyeendesha. Bwana huyo baadaye akawa waziri. Siri ilipofichuka alijiuzulu, na mwezi wa Machi 2013 yeye na aliyekuwa mkewe walihukumiwa miezi minane gerezani kila mmoja, si kwa mwendo bali kwa kupotosha haki. Kosa la mwendo lingemgharimu faini na marufuku ya muda. Uwongo ulimgharimu kazi, heshima na uhuru wake.

Hadithi hii ya Uingereza inatuhusu pia sisi Wakenya. Sheria ya Trafiki tunayoitumia asili yake ni ya mwaka 1953, wakati wa ukoloni, ingawa imerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Nasi tumejaribu njia zetu. Mwaka 2003 waziri John Michuki alitoa kanuni za kufunga vidhibiti mwendo katika matatu na mabasi, yasizidi kilomita 80 kwa saa, na Februari 2004 zikaanza kutiliwa nguvu. Hicho ni kipimo kinachosafiri ndani ya gari lenyewe. Na katika matengenezo ya barabara zetu utamwona hata leo mtu amesimama juani, mwenye kizibao cha rangi kali, bendera nyekundu mkono mmoja na ya kijani mkono wa pili. Ni ndugu wa yule wa mwaka 1865. Tofauti yao ni kwamba yule alitangulia mashine ili kuwalinda wengine. Huyu anakabili magari yanayomjia, na anawalinda wenzake pamoja na nafsi yake.

Wewe unayesoma bado hujapata leseni, lakini miaka si mingi utaipata, na wengi wenu mtaendesha magari yenye nguvu kuliko lile la Walter Arnold mara nyingi. Siku hiyo utakapofika mahali penye koni, huenda pasiwe na kamera, wala askari, wala kibao kinachosema unapimwa. Itakuwapo bendera tu, na mtu aliyeishika. Waingereza walitumia zaidi ya miaka 150, mahakama nyingi na vyombo vya gharama, ili kumfikisha dereva katika jambo ambalo bendera ile ilikuwa ikilisema tangu mwanzo: kuna mtu mbele yako. Mpunguzie mwendo yeye, si kamera. Sekunde 82 zitakazokupotea hazitakuumiza.